Somo la kwanza la peintiboli Tabora: gololi 100 kwa kila mtu

Peintiboli ni mchezo wa kufyatuliana gololi zenye rangi ndani, kwa bunduki maalumu. Mgeni akipigwa mara tano kabla hajajua kulenga, harudi. Atabaki na alama nyekundu mgongoni na kumbukumbu ya kioo cha barakoa kilichojaa ukungu, na mtaani atasimulia hayo tu. Tunaotaka peintiboli ikue Tabora tuache kuanza na mashindano. Tuanze na somo la saa mbili, watu 8 hadi 10, waamuzi wawili.

Kwanza bunduki yenyewe. Watu wengi wakipanga kuanzisha uwanja hufikiria zile zinazofyatua mfululizo kwa mtungi wa hewa. Mitungi hiyo hujazwa hadi shinikizo la bar 200 au 300, na kompresa ya fundi matairi inatoa bar 8 au 10 tu, kwa hiyo haifai hata kidogo. Kwa somo la wageni chukueni bunduki za springi, za kukoki kwa mkono kila risasi, zinazotumia gololi ndogo za milimita 12.7. Hazihitaji gesi, pigo lake ni jepesi, na mtu hujifunza kulenga kwa sababu hawezi kumwaga risasi. Wala si kushusha hadhi ya mchezo. Watu 12 waliocheza peintiboli ya kwanza kabisa kule Henniker, New Hampshire, Marekani, tarehe 27 Juni 1981, walitumia bastola zilizotengenezwa kwa ajili ya kutia alama miti na ng'ombe, nazo zilikokiwa kwa mkono kila mara.

Mkiwa na bunduki za kawaida, za gololi ya milimita 17 hivi yenye uzito wa karibu gramu 3, basi kipima mwendo wa gololi ni lazima. Kikomo cha viwanja vingi ni mita 91 kwa sekunde. Kwa wageni shusheni hadi 76, na nguvu ya pigo inapungua kwa karibu asilimia 30. Kama mnatumia gesi ya kaboni dayoksaidi, pimeni zaidi ya mara moja. Shinikizo la gesi hiyo hupanda na joto, kwa hiyo bunduki iliyopimwa sawa saa 1 asubuhi inaweza kuvuka kikomo saa 5, hasa mtungi ukiachwa juani. Mitungi ikae kivulini daima.

Joto la Septemba na Oktoba huharibu gololi pia. Ganda lake ni jelatini, sawa na ganda la kidonge cha dawa. Likipata joto hulainika, gololi hushikana na kupoteza umbo, kisha hupasukia ndani ya mtutu. Masika yakifika, unyevu huzivimbisha. Zitunzeni ndani ya nyumba, kwenye mfuko uliofungwa, na uwanjani zikae kwenye kasha la barafu lisilo na barafu. Friji hapana: zikitoka humo hutoa jasho. Kabla ya somo dondosheni chache kwenye sakafu ngumu kutoka usawa wa bega. Zinazodunda mara nyingi bila kupasuka zitamuumiza mtu na hazitaacha rangi. Iliyoanguka chini isirudishwe kwenye bunduki, kwani mchanga hukwaruza mtutu.

Barakoa ndiyo roho ya somo. Miwani ya fundi wa kuchomelea au ya bodaboda haikubaliki. Tafuteni barakoa za peintiboli zenye kioo cha tabaka mbili, maana ukungu ndio unaowafanya wageni wavue kinga katikati ya mchezo, na jicho likipigwa linaweza kupofuka. Futeni kioo kwa maji safi na kitambaa laini. Msikiloweke, maji huingia kati ya tabaka. Msitumie petroli wala spiriti, hudhoofisha plastiki. Kioo chenye ufa kibadilishwe, hata kama ufa ni mdogo.

Uwanja wa mita 40 kwa 25 unatosha, wenye mapipa na viroba vya mchanga, na neti pande zote mahali watu wanapopita. Kama ni porini kwenye miombo, kagueni kila mti kwanza. Tabora ni nchi ya asali, na gololi ikigonga mzinga hakuna mwamuzi atakayewatuliza nyuki.

Somo lenyewe liende hivi. Dakika 20 za mwanzo ni barakoa, sefti (kifungo cha kuzuia bunduki isifyatue) na soksi ya mtutu (mfuko wa kitambaa unaofunika mdomo wa bunduki), bila gololi hata moja. Kisha kila mtu apewe gololi 20 apige pipa kutoka mita 10, halafu mita 20, aone gololi inavyoshuka. Hapo ndipo nyuso hubadilika, mtu akiona rangi imetua alipokusudia. Baada ya hapo wakimbie kutoka kizuizi hadi kizuizi bila kufyatua. Wengi hutoa magoti na viwiko nje bila kujua. Mwisho ni michezo mifupi ya dakika tano kwa gololi 80 zilizobaki. Kopo la gololi 2,000 linahudumia watu 20. Aliyepigwa na gololi ikapasuka ainue mkono, aite "nimepigwa!", avike mtutu soksi, atoke. Isiyopasuka haihesabiwi. Chini ya mita 5 hakuna kufyatua kabisa.

Mavazi: jezi kuukuu ya mikono mirefu, suruali nzito, viatu vilivyofungwa. Kombati na chochote kinachofanana na sare za jeshi marufuku. Raia hapaswi kuvaa, na hakuna kinachotisha mtaa kuliko vijana wenye kombati na bunduki. Kabla ya kuagiza vifaa, ulizeni polisi na forodha kwa maandishi. Mwenyekiti wa mtaa naye ajulishwe siku na saa, na wazazi wakaribishwe kutazama nyuma ya neti.

Rangi hutoka kwa maji na sabuni, waambieni hilo mapema, mama zao watauliza. Kila anayemaliza aalikwe somo la pili akiwa na mwenzake mmoja, na safari hii yeye ndiye atakayemwonyesha huyo mgeni barakoa inavyofungwa.