Kwenda Micheweni kuifuata redio

Meli ilitoka bandari ya Malindi, Unguja, bahari ikiwa shwari, mpaka tulipoipita Nungwi. Hapo mawimbi yakaanza na abiria wakashika dua. Ni katika maji hayo MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba. Mvuvi mmoja wa Wete aliyekaa ubavuni pangu aliniambia siku hizi hatoki kuvua kabla hajasikia utabiri wa hali ya hewa. "Si redio ya Dar, ni ya kwetu. Ikitaja Kojani, ikitaja Tumbe, najua inasema na mimi."

Redio jamii ya aina hiyo, inayoendeshwa na wenyeji kwa ajili yao, ndiyo niliyokuwa naifuata.

Kutoka bandari ya Mkoani, Pemba, nilipanda gari hadi Chake, nikabadilisha ya Konde, halafu Micheweni, kaskazini mwa kisiwa. Mikarafuu na mabonde ya mpunga vilipungua, ardhi ikageuka mawe matupu.

Studio ni chumba kimoja. Ukutani wamebandika magodoro membamba kuzuia mwangwi, na simu ya mkononi imefungwa kwa mpira kwenye maikrofoni ili anayepiga asikike hewani. Mtangazaji alikuwa binti mdogo, na mgeni wake bibi mkulima wa mwani.

"Bei anapanga mnunuzi, mwanangu, na mizani ni yake. Sisi twaambiwa tu."

Bibi akaeleza kuwa kotonii, mwani wenye bei nzuri, hufa maji yakipata joto, wakabaki na spinosamu ya bei ya chini. Binti hakumwachia hapo. Alimpigia afisa anayehusika, papo hapo hewani, akamuuliza nani anakagua mizani ile. Afisa akazungukazunguka. Binti akarudia swali kwa adabu ileile, "samahani baba, mizani", hadi afisa akaahidi kuteremka pwani mwenyewe. Nilisisimka.

Zanzibar haikuanza habari jana. Sauti ya Unguja ilianza 1951, na televisheni ya rangi ilikuwapo miaka ya 1970, wakati Bara ilisubiri hadi 1994. Ila sauti zilitoka mjini kwenda shamba, na sheria ya magazeti inayolalamikiwa na waandishi hadi leo ni ya 1988, enzi ya chama kimoja.

Kinachoniuma zaidi ni fedha. UNESCO na wafadhili wengine wamezipa redio jamii nyingi nchini mitambo, lakini mtambo unakula umeme kila mwezi. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga uliufikisha umeme Pemba 2010. Bili hailipwi na mfadhili. Taasisi za umma zinapotangaza chanjo au kipindupindu kupitia redio hizi, nazo zilipe, hata kidogo. Watangazaji wengi wanajitolea. Binti yule hushona nguo jioni apate nauli, na aliniambia wazi kuwa akipata kazi ya mshahara Unguja, ataondoka. Simlaumu.