Kocha alibadilika, ila na kikosi je?

Watu wakiongelea Pittsburgh Penguins ya 2016, ile timu ya hoki ya barafuni ya Marekani iliyobeba kombe, wanasema Mike Sullivan ndo alifanya kila kitu, na mimi namkubali sana huyo kocha, ila tuangalie vizuri jamani. Kwenye hoki ya barafuni kuna takwimu inaitwa Corsi, inahesabu mashuti yote, yaliyolenga goli, yaliyotoka nje na yaliyozuiwa, ya kwenu na ya wapinzani, mashuti yenu yakipita asilimia 50 ya yote maana yake nyie ndo mnamiliki mchezo. Mike Johnston, kocha aliyekuwepo kabla ya Sullivan, alifukuzwa Desemba 12, 2015, na baada ya hapo Corsi ya Penguins ikapanda kweli kweli.

Sasa siku mbili tu baadaye wakamtoa Rob Scuderi, beki mzito ambaye umri ulishamtupa mkono, wakamleta Trevor Daley. Ukimtazama Daley utaelewa, anaipata paki (kile kisahani cheusi wanachochezea badala ya mpira) kona ya nyuma, mpinzani anamjia mbio, yeye keshageuka keshaitoa kwa winga na timu nzima inapanda. Januari akaja Carl Hagelin, mbio zake sijui niziseme vipi, halafu vijana kama Bryan Rust na Conor Sheary wakapata namba.

Juni wakabeba kombe mbele ya San Jose Sharks, mechi 6.

Kwa hiyo Johnston naona alionewa kidogo. Sullivan aliharakisha mchezo, sawa, lakini alipewa miguu ya kuukimbiza, mwenzake hakupewa, na Corsi peke yake haikwambii hilo.