Buluu Mbili Barazani

Jioni hii nimerudi kutoka Mbagala na viti 30 ndani ya guta, viti ambavyo nilikuwa nimevipeleka asubuhi nikiamini kwamba kazi imekwisha. Shule moja ya awali iliniagiza viti 60 vidogo vya buluu, nami nikavitengeneza kwa vizibo vya plastiki vilivyotumika, nikivisaga na kuviyeyusha, kwa mikupuo miwili iliyopishana kwa wiki mbili. Mwalimu alivipanga vyote barazani, akavitazama kwa muda, kisha akaniambia kwa upole, "Dada yangu, watoto watadhani hivi ni vya madarasa mawili." Alikuwa sahihi. Mkupuo wa kwanza ulikuwa buluu iliyokolea, na wa pili ulikuwa umeelekea kijani, tena wenye ukungu fulani kama maji yaliyotiwa tone la maziwa.

Njiani nilimlaumu moyoni muuzaji wa Kariakoo wa punje za rangi, zile ninazochanganya na plastiki ili kuipa rangi, lakini nilipofungua daftari langu la karakana niliona kwamba punje zilitoka kwenye mfuko uleule, na kwamba kalibu, yaani chombo kinachoipa plastiki umbo la kiti, na mashine havikubadilika. Kilichobadilika ni magunia ya vizibo. Vizibo vya mkupuo wa kwanza vilitoka kwenye kumbi za harusi, vikiwa visafi na karibu vyote vya aina moja. Vya pili viliokotwa kandokando ya barabara na mitaroni, vingi vikiwa vimepauka kwa jua, na humo ndani mlikuwa na vipande vichache vya dumu la njano la mafuta ya kula ambavyo mimi mwenyewe niliviona nikavipuuza kwa kuwa vilikuwa vichache. Njano kidogo ndani ya buluu inatosha kuivuta kwenye kijani, na vizibo vyeupe huja na titani dioksaidi, ile rangi nyeupe inayofifisha kila kinachochanganywa nayo. Rangi mpya haifuti ya zamani, bali huongezeka juu yake, na ndiyo maana ukichanganya vizibo vya kila rangi hupati upinde wa mvua, unapata kijivu cha udongo.

Kwa hiyo nimeamua kwamba kazi ya rangi nitaimaliza kabla plastiki haijaifikia mashine. Kosa langu kubwa lilikuwa kutumia gunia moja hadi liishe ndipo nifungue jingine, kwa sababu kila gunia lina buluu yake, na tofauti hiyo hujitokeza wazi pale gunia moja linapokoma na jingine kuanza. Kuanzia sasa agizo lote, hata liwe la kilo 100, litachambuliwa, litasagwa na kuoshwa kwanza, kisha chenga zake zote zitamwagwa juu ya turubai moja na kugeuzwa kwa beleshi kutoka rundo hadi rundo, kama mafundi wanavyochanganya mchanga na saruji kabla ya kutia maji, mpaka konzi ya pembeni ifanane na konzi ya katikati. Buluu itakayopatikana huenda isiwe ile niliyoitamani, lakini itakuwa moja kutoka kiti cha kwanza hadi cha mwisho, na mteja huiona tofauti kati ya viti viwili haraka zaidi kuliko anavyoiona tofauti kati ya kiti na picha iliyomo kichwani mwake.

Punje za rangi nazo zitapimwa kwa mizani. Nimekuwa nikitumia kikombe, na kikombe hujazwa kulingana na mkono wa aliyekishika siku hiyo. Asilimia 3 ya kilo 10 ni gramu 300, na mizani ndogo ya jikoni huzisoma bila taabu.

Joto nalo lina neno lake. Plastiki ya vizibo na madumu, ile inayoitwa polietileni nzito, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi za Selsiasi, nami huiendesha karibu na nyuzi 200. Ikikaa humo muda mrefu, kwa mfano umeme unapokatika na kurudi wakati plastiki imo ndani ya silinda, ile sehemu ya mashine inamoyeyukia, huanza kugeuka rangi, na buluu iliyoungua kidogo huwa na uchovu ambao hakuna punje inayoweza kuuondoa. Kijana wangu wa mashine alitaka kuokoa plastiki ya namna hiyo kwa sababu ni kilo nzima, na ninamwelewa, lakini mahali pake ni kwenye gunia la plastiki ya kutengenezea vitu vyeusi. Vilevile tumekubaliana kuanza siku kwa rangi nyepesi na kumalizia kwa nyeusi, kwa kuwa masalia ya nyeusi ndani ya silinda huchafua viti vingi kabla hayajaisha.

Jambo la kuangalia rangi lenyewe nililifanya vibaya kwa miaka. Nilikuwa nikilinganisha kiti kilichotoka kwenye kalibu sasa hivi, kingali cha moto, chini ya taa ya karakana. Plastiki hii ikiwa moto hupitisha mwanga zaidi kuliko ikipoa, na rangi mbili zinazofanana chini ya taa zinaweza kuachana kabisa zikitolewa nje. Nitasubiri kiti kipoe, nikitoe uani kwenye mwanga wa mchana, nikilinganishe na kibao cha sampuli chenye unene uleule, ambacho nitakihifadhi ndani ya droo pasipofika jua.

Wenzangu wawili wamenishauri nihamie kwenye nyeusi tupu au kwenye madoadoa, ambako tofauti hazionekani. Madoadoa yaliyokusudiwa ni mazuri na nitaendelea kuyatengeneza. Lakini mwalimu aliagiza buluu, na nyeusi inayotokana na masizi ina hasara yake, kwa kuwa mashine nyingi za kuchambua plastiki kwa miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, hushindwa kuitambua, hivyo kitu hicho kikitupwa ni vigumu kukirudisha kazini.

Viti 30 nilivyorudi navyo vitasagwa kesho. Havitatumika peke yao. Vitaingia kwenye rundo jipya kwa sehemu isiyozidi moja ya tano, juu ya turubai, pamoja na vizibo vya ukumbini ambavyo nimeahidiwa kuletewa Ijumaa. Mwalimu amenipa siku kumi.