Usiku kadhaa na barua za Comboni

Huku Kenya Wamisionari wa Comboni tunawazoea, lakini Comboni mwenyewe, yule Daniele Comboni, mmisionari Mwitaliano wa karne ya 19 aliyekuwa askofu huko Sudan, nilimjua wa kwenye picha tu: kanzu, msalaba na ndevu zilizojaa. Sasa nimeshika barua zake, na huyu wa kwenye barua ni mtu mwingine kabisa. Mkusanyiko wa maandishi yake una kurasa zaidi ya 2,000, na asikudanganye mtu kwamba zote ni sala.

Kwanza, pesa. Jamani, pesa! Anawaandikia wafadhili wa Cologne, anawaandikia wa Lyon, anaiandikia Roma. Anashukuru, anaeleza msafara umekula kiasi gani, kisha anaomba tena. Kulikuwa na ngamia wa kukodi kuvuka jangwa kutoka Korosko, kusini mwa Misri, mashua za kupanda Nile, masista wa kulisha, watoto waliokombolewa utumwani wa kuvisha. Njaa na maradhi ya mwaka 1878 yalipomwangukia, yeye akiwa na mwaka mmoja tu wa uaskofu, aliwazika watu wake huku wadai wakimngoja mlangoni. Aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya ujenzi wa kanisa atamwelewa upesi kuliko mwanateolojia.

Lakini iliyonizuia kulala ni barua ya Novemba 1858. Comboni ana miaka 27, ni padre kijana kwenye misheni ya Msalaba Mtakatifu, nchi ya Wadinka kando ya Nile Nyeupe, Sudan Kusini ya leo. Homa inawamaliza wenzake. Padre Oliboni alishazikwa tangu Machi. Ndipo inamfikia habari kwamba mama yake, Domenica, amefariki kule kwao Limone, Italia. Alifariki Julai. Yaani kwa miezi minne mtoto amekuwa akimwombea mama kama mtu aliye hai! Siku hizi msiba unakufikia kwenye simu kabla hata majirani hawajakusanyika. Na baba yake, mtunza bustani Luigi, ndiye hasa aliyebaki peke yake, maana katika watoto wanane waliozaliwa nyumba ile ni Daniele tu aliyepona. Barua kwa baba inalia na kufariji kwa pamoja. Niliisoma mara ya pili kwa sauti, mke wangu akauliza ni nani amefiwa.

Kisha ruka hadi 1881, mwaka wake wa mwisho. Hapo utakutana na askofu mchovu, mwenye homa, akigombana kwa kalamu na Padre Sembianti, msimamizi wa taasisi yake huko Verona. Ugomvi mmoja mkubwa ni juu ya Virginia Mansur, mwanamke wa Syria aliyehudumu misheni, ambaye Verona walimtilia shaka na watu wakamsema yeye na askofu wake. Comboni anamtetea kwa ukali, ukurasa baada ya ukurasa. Rafiki yangu mmoja katekista anasema barua za namna hii zingefichwa kabatini. Mimi nakataa. Zilichapwa zikiwa hivyo hivyo, na mwaka 2003 Kanisa likamtangaza mtakatifu. Zingetolewa, tungebaki na yule wa kwenye picha.

Linalonikera ni jingine. Humo ndani Mwafrika anasemwa sana, yeye mwenyewe humsikii akisema. Mwaka 1870, katika ombi aliloupelekea Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu), bado kuna laana ya Hamu, mwana wa Nuhu, juu ya watu weusi. Nilifunga kitabu pale, nikaenda kunywa chai. Na ni mtu huyo huyo ambaye miaka sita kabla alikuwa ameandika mpango wa kuiokoa Afrika kwa Waafrika wenyewe, kwa kuwasomesha mapadre, walimu na mafundi hapa hapa barani. Sijui kuyapatanisha hayo mawili, na sina haraka.

Bahati nzuri yuko aliyeandika kutoka upande wa pili. Daniel Sorur Pharim Deng, Mdinka, alitoroka utumwani El Obeid, Sudan, mwaka 1873 akakimbilia kwa Comboni. Alisoma Roma, akapata upadre Cairo mwaka 1887, miaka sita baada ya mlezi wake kufa Khartoum. Baadaye akazunguka Ulaya kuchangisha fedha za misheni (kazi ile ile ya kuomba, imerithiwa). Aliacha kumbukumbu za maisha yake kwa mkono wake. Anasimulia jinsi bwana aliyemmiliki alivyomtuma mama yake mzazi, naye mtumwa, aje misheni kumsihi arudi. Sorur akabaki, mama akarudi kwa bwana. Comboni alipofiwa na mama aliandika barua kwa baba. Sorur hakuwa na wa kumwandikia.