Siku Yangu ya Dakika Kumi na Tano

Mama mdogo akiulizwa kazi yangu husema, "Anasimamisha watu asubuhi." Hajakosea sana. Mimi ni skramu masta wa timu ya mafundi saba hapa Dar es Salaam, yaani naisaidia timu kufuata skramu, utaratibu wa kufanya kazi pamoja kwa vipande vya muda mfupi. Wanatengeneza programu ya kulipia ada za shule kwa simu. Mimi siandiki hata mstari mmoja wa programu hiyo, wala si bosi wa mtu. Naendesha kikao cha dakika 15 kila asubuhi, watu wakiwa wamesimama, na kwa hilo nalipwa mshahara. Mafundi hunitania kila mwisho wa mwezi.

Saa 11 alfajiri macho. Saa 12:30 Kimara, foleni ya mwendokasi, nimesimama hadi Morocco, kisha bajaji.

Saa 2:30 nasoma ubao kabla hawajafika. Kila kazi ina kadi yake, na kwa kuwa kiyoyozi chetu hufanya kazi kikijisikia, gundi hulegea kwa joto, kadi zikadondoka usiku. Leo nimeokota mbili chini ya meza. Moja naijua hata kwa kona zake zilizojikunja: "Kuunganisha na benki." Iko kwenye safu ya "Inafanyika" tangu Alhamisi. Leo Jumanne.

Saa 3:00 kamili, duara. Zamani tulikuwa na maswali matatu: jana ulifanya nini, leo utafanya nini, nini kinakukwamisha. Mwongozo wa Skramu uliyaondoa mwaka 2020, nami sikuyalilia, maana watu walikuwa wanayajibu kama wanafunzi wanaoitwa majina. Siku hizi tunaanza na kadi iliyo karibu kwisha, tunaulizana inahitaji nini ivuke leo. Dakika ya nne tulishapita kadi tatu. Dakika ya tano mlango ukafunguliwa, akaingia bosi wa mauzo na kikombe cha chai.

"Endeleeni, mimi nasikiliza tu."

Asikudanganye mtu. Kijana aliyekuwa anaelewana na mwenzake kuhusu risiti zinazotoka mara mbili alimgeukia bosi, miguu na kila kitu, akaanza kueleza jana alivyochelewa kutoka kazini. Wa pili akatoa ripoti. Wa tatu ripoti. Bosi akauliza hii itakwisha lini, na kwa nini isiwe Ijumaa, maana wateja wameshaambiwa Ijumaa. Nani kawaambia? Kimya. Simu yangu ikalia dakika ya 15. Nikasema, "Bosi, samahani, muda wa mafundi umeisha, tuongee mimi na wewe pale nje." Akanitazama kwanza. "Dada, mimi ndiye ninayeleta hela humu."

Tulitawanyika saa 3:47. Mmoja alishakaa kwenye kona ya meza, mwingine kauegemea ubao, na ile kadi ya benki iko chini tena.

Mwenye kadi hiyo alisema nini mbele ya bosi? "Inaenda vizuri." Nikamfuata mezani. "Mdogo wangu, inaenda wapi?" Akacheka kwa aibu. Benki haijatufungulia mfumo wake wa majaribio. Ameandika barua pepe nne, na jana ndiyo wamemjibu: leteni barua yenye muhuri.

"Mbona hukusema?"

"Mbele ya bosi, dada?"

Kuanzia hapo saa zangu sizijui vizuri. Niliandika barua. Muhuri umefungiwa kwenye droo ya mhasibu, mhasibu katoka. Karudi, nikapanda bodaboda hadi Posta, jua la utosi. Mlangoni, "Shikamoo mzee," "Marahaba binti, acha kitambulisho." Mapokezi wakaniambia mhusika yuko kikaoni.

Nikakaa. Kikao gani hicho, jamani! Saa moja na nusu. Vikao vyangu sita hivyo, na viti wanavyo. Mwishowe akatoka dada mmoja, akaisoma barua huku anatembea.

"Haina Kumb. Na."

Nikampigia mhasibu, akanitajia namba, nikaiandika kwa kalamu palepale juu ya kaunta. Akagonga IMEPOKELEWA. "Siku tatu za kazi, dada."

Chakula cha mchana nilikula saa 10 jioni: chapati mbili na maharage yaliyopoa, kwenye sinki la ofisini. Nikaenda ubaoni, nikaandika juu ya kadi kwa wino mwekundu: IMEKWAMA, BENKI, HADI IJUMAA. Nilikuwa natafuta pini, maana gundi siiamini tena, nikasikia kikombe nyuma yangu.

Bosi aliisoma mara mbili.

"Sasa mbona asubuhi hakuna aliyeniambia?"

Sikuwa na nguvu ya kumjibu. Nikaibana kadi kwa pini mbili, nikachukua mkoba, nikashuka kutafuta bajaji.