Kasha la mvule, kumbukumbu ya pili: guniya, mahati na kutu

Haya jamaa, mbao za kasha nshazipiga randa zimelazwa ndani zinatulia, kwa hiyo safari hii sikukata kitu, nilishughulika na vifaa vya kupimia tu. Wengi hawaipendi hatua hii lakini kasha lina kona nne za meno, yaani mbao zinashikana kwa meno yalochongwa, ukianza na guniya (kile kipimo cha pembe mraba) inayodanganya mfuniko haukai hata ufanyeje.

Guniya niliifata sokoni Darajani, Unguja. Zipo za kila bei na bei haikwambii kitu. Nilikwenda na kipande cha ubao nilokinyoosha ukingo mmoja, naegemeza guniya nachora mstari, naigeuza upande wa pili nachora tena palepale. Mistari ikilaliana, guniya nzima. Ikiachana, basi kosa lake ni nusu ya huo mwanya unaouona. Muuzaji kanitizama weee mwisho kaniuliza, "Sasa ami, unanunua au unasahihisha mtihani?" Nikamwambia vyote viwili. Kadhaa zilianguka, zikiwemo za bei, nilochukua ni ya chuma kitupu wala haina sura.

Tepu sina maneno mengi, ila acheni kuzitupa kwa sababu kile kidoko cha mbele, kijichuma cha kunasia ubao, kinacheza. Kinatakiwa kicheze! Kinakwenda mbele na nyuma kwa unene wake wenyewe, ukikivuta ukingoni mwa ubao kinatoka, ukikisukuma ndani ya boksi kinarudi, ili sifuri isihame. Kibaya ni kidoko kilopinda kwa kuangushwa. Hata hivyo tepu kwangu ni ya kukatia urefu wa mwanzo tu.

Nikifika kwenye viungo sisomi namba kabisa, na hapa nabishana na mtu yeyote. Ubao nausimamisha juu ya mwenzake nafata ukingo wake kwa kisu basi. Unene naukamata kwa mahati, kile kifaa cha kuchorea mstari sambamba na ukingo, nakaza, na siilegezi mpaka kona zote nne zishe, maana ukiifungua halafu uirudishe kwa kusoma rula, hurudi palepale, utapishana kidogo na huko kupishana ndo kunakoonekana kwenye kona. Penseli nayo hata uichonge vipi mstari wake una unene, sasa unakata upande gani wa mstari? Kisu kinakata nyuzi za mbao, patasi ukiiweka inaingia humohumo wenyewe inajua njia. Mahati yangu ya msumari ilikuwa nzuri ukifata nyuzi lakini ukizikata inachana, nikainoa ncha kwa tupa ndogo ikawa kama kijisu, sasa mambo safi.

Utunzaji: sie tunaokaa karibu na pwani tunajua, hewa ya chumvi na jasho la mkono vinakula chuma usiku mmoja. Kila nikimaliza nafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani. Wapo wanaopaka ya nazi, yakikaa yanachacha yanashika vumbi, mie sipendi. Kutu ikishaingia kwenye guniya sugua ubapa tu kwa msasa laini, ukingo usiuguse, ukiula ukingo guniya imekwenda. Za mbao ulotengeneza mwenyewe zijaribu upya kila masika yakiingia, unyevu unazivimbisha. Hata mti wa mahati hukaza ukagoma kuteleza, usiupige randa, upake nta ya mshumaa unatosha.

Kinachofata ni kuchora meno. Mvule huu una nyuzi zinazopishana, patasi ikienda vibaya inamega, kwa hiyo nimeelemea kwenye meno mapana kidogo ingawa membamba ndo mazuri kwa macho. Mwenye uzoefu wa mvule aseme kabla sijatia kisu. Bawaba na misumari ya shaba bado, hiyo habari ya pesa.