Fahali kumi na wanne kwenye mtungi mmoja: siku yangu ya kazi Tanga

Saa 11 alfajiri. Kabla sijanawa uso napima naitrojeni ya maji, ile inayogandisha mbegu za mafahali. Nafungua mtungi, nazamisha rula ya mbao mpaka itue chini, nahesabu hadi kumi, naitoa na kuipunga hewani. Pale ilipozama panaota sakitu nyeupe kama chumvi, na urefu wa ule weupe ndio kina kilichobaki. Leo sentimita 19. Tutafika Ijumaa bila wasiwasi. Mbegu zinaishi humo kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na zikishaguswa na joto halafu ukazirudisha, umerudisha maiti. Mume wangu analalamika kwamba mtungi naujulia hali kabla yake. Si uongo.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Mimi ninao kumi na wanne kwenye mtungi mmoja, nimewafunga kwa mpira nyuma ya pikipiki, na hawajawahi kupigana. Wamo wa aina ya Friesian, Ayrshire, Jersey na Boran. Kila mmoja ni mrija mwembamba wa mbegu, jina na namba yake vimechapwa ubavuni. Wengi wametoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kule Usa River, Arusha. Sijawaona hata siku moja, ila watoto wao nawajua mpaka makovu.

Kazi yenyewe inaitwa uhimilishaji: kumtilia ng'ombe jike mbegu za fahali kwa mkono, bila fahali mwenyewe kuwepo. Mtaani jina hilo halina mwenyewe. Wengine wananiita bibi mifugo, wengine daktari, ingawa nina stashahada tu, na kuna watoto kule Pongwe wakisikia pikipiki yangu wanapiga kelele "Mama Fahali huyooo!" Wapo pia watu wazima wanaonisalimia kwa kiwiko. Nimezoea.

Saa 12 na nusu simu zinaanza, kwa sababu ng'ombe wa pwani huku joto, yaani hamu ya kupandwa, linawajia zaidi usiku na alfajiri, wakati jua halijawachosha. Simu ndiyo nusu ya kazi yangu, na asilani usidhani ni nusu rahisi.

"Bibi mifugo, ng'ombe yangu anapanda wenzake!"

"Shikamoo mama. Na anayepandwa anafanya nini?"

"Marahaba. Huyo ametulia tu, hana neno."

Basi aliye kwenye joto ni huyo aliyetulia. Anayepanda anaweza kuwa ana joto, anaweza kuwa anajichezea. Anayesimama apandwe bila kukimbia ndiye wa kuitiwa mimi. Nimeshasafiri kilomita ishirini nikakuta wamenifungia asiyehusika, na mwenye haja anatafuna majani nje.

Halafu inakuja shida ya majina. Kuku tumewapa jogoo, mtetea, tembe na koo, kila mmoja na daraja lake. Ng'ombe nao wana majina yao, ila watu wa mjini wanaofuga wawili watatu uani wameyatupa. Kila kitu "ng'ombe". Ukibahatika utaambiwa "jike" au "dume". Mimi jike halinitoshi. Nataka kujua ni mtamba ambaye hajazaa, au ni mzazi anayekamuliwa, na kama kazaa, lini. Mtamba mdogo wa kienyeji siwezi kumtilia Friesian mwenye mwili mkubwa, ndama atakwama njiani. Huyo nampa Jersey. Na dume? Mwaka jana baba mmoja alinilalamikia kwamba ana dume lake mwenyewe, zuri, la shingo nene, lakini majike miezi minane hawashiki. Nikaenda. Alikuwa maksai, dume aliyehasiwa. Amemnunua mnadani kutoka kwa mwenye mkokoteni, na mwenye mkokoteni hakuwa amemdanganya: alimwambia ni dume, na maksai ni dume. Fahali ndiye aliyekuwa akimtafuta.

Saa 1 hadi saa 3 na nusu: Kange wawili, Maweni mmoja, wote walionekana jana jioni, wote wametulia, hakuna cha kusimulia. Kanuni yetu ni hiyo: joto likionekana asubuhi unahimilisha jioni, likionekana jioni unahimilisha asubuhi.

Saa 4 nilikuwa njia ya Amboni, kwa mzee mmoja mstaafu, upande wa mapango. Hapo ndipo siku yangu ilipokwenda.

Alinipokea vizuri. Chai ya tangawizi, mihogo ya kuchemsha, kiti cha plastiki kimefutwa. Ana ng'ombe watatu, na kipenzi chake ni mmoja mweusi mwenye madoa, miaka miwili na ushee, amenenepa, ngozi inang'aa. Alimnunua mwaka jana kwa sehemu ya mafao yake. "Huyu mwanangu ana joto kila siku," akaniambia kwa fahari. "Anawapanda wenzake kutwa nzima. Kijana mmoja ameshampandisha mara mbili, hakushika. Nikasema nimtafute mwenye kazi."

Joto la kila siku halipo. Ng'ombe huja kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, kwa saa chache. Nikaacha mihogo.

Nilianza kwa kumtazama kwa nyuma bila kumgusa. Chuchu zipo nne, lakini ndogo kama za ndama. Chini ya uke kumeota kishungi cha nywele ndefu, kama ndevu za beberu. Nikavaa glovu, nikapaka mafuta, nikaingiza mkono. Mtamba wa umri ule, shingo ya kizazi unaikuta imelala pale, ngumu kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Nikatafuta. Nikatafuta tena. Chini ya vidole hamkuwa na kitu ila kamba nyembamba.

"Mzee, huyu alizaliwa pacha?"

"Nitajuaje, mimi sikuwepo."

"Tumpigie aliyekuuzia."

Akampigia, akaweka sauti kubwa. Muuzaji akajibu bila hata kufikiri: ndiyo, pacha, mwenzake alikuwa dume, walimchinja Idi. Kisha akauliza kama maziwa yanatoka vizuri.

Nikamweleza mzee taratibu. Ng'ombe wakipata mapacha, jike na dume, mara nyingi mishipa ya kondo zao huungana tumboni, damu ikawa moja. Homoni za dume zinamfikia jike kabla hajamaliza kuumbika, na viungo vyake vya uzazi vinakwama njiani. Kati ya majike kumi waliozaliwa hivyo, tisa hivi hawazai maisha yao yote. Huyu hana pa kubebea mimba. Ndiyo maana anawapanda wenzake. Kichwani mwake yeye ni fahali.

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Jike ni jike."

"Ni jike mzee, lakini—"

"Ana chuchu ngapi?"

"Nne."

"Ana pembe za dume?"

"Mzee, pembe—"

"Basi mtie hivyohivyo. Mrija ni wangu, nalipa mimi. Wewe kazi yako kutia."

Ningekuwa mtu wa kutafuta hela ningetia. Sekunde arobaini, pesa mfukoni, kwaheri. Yule kijana wa kwanza ndivyo alivyofanya, mara mbili, na mzee bado anamsifu kwamba hakuwa na maneno mengi. Nikakataa. Akamwita mkewe aje asikie. Mkewe akaja na unga mikononi, nikaeleza upya tangu mapacha. Akaniuliza kama dawa ya kienyeji haiwezi kufungua. Nikasema hakuna kilichofungwa, mama, hakikujengwa. Akaja jirani. Nikaeleza mara ya tatu. Jirani akasema hata mtu huwa anacheleweshewa riziki, akamtaja shangazi yake wa Muheza aliyezaa na miaka arobaini na miwili. Kila mtu akasema "Mashaallah", na hoja yangu ikazikwa pale.

Nikamwomba mzee aje aone. Nikaleta mtamba wake mwingine, mdogo zaidi kwa miezi mitano, nikaingiza kifimbo kilichosafishwa kwenye njia yake ya uzazi, polepole. Kikaenda mpaka nikakishika mwishoni. Nikachukua kingine, nikaenda kwa yule mweusi. Kikagota urefu wa kidole. Mzee akainama, akavipima vyote viwili kwa macho. Hakusema kitu. Akampapasa mgongoni yule mnyama, mara tatu nne, kama unavyompapasa mtoto aliyefeli mtihani.

"Haya," akasema. "Basi huyu anaitwa nani? Fahali si fahali, mtamba si mtamba."

"Tasa, mzee."

"Tasa ni aliyejaribu akakosa. Huyu hata mlango hana." Alikuwa ameshakasirika upya, safari hii na Kiswahili.

Hela ya mafuta alinipa nusu. Ilikuwa saa 7 na dakika kadhaa, nimekosa simu sita.

Mchana sikuushika vizuri. Mvua ndogo ilinikuta karibu na daraja, nikajibanza kibanda cha mkaa huku nimeukumbatia mtungi, na watu wanauliza ni gesi kilo ngapi. Mwenye moja ya zile simu sita alikuwa ameshamwita mtu mwingine. Nilipima mimba nne mahali, tatu hewa, moja ipo: miezi mitatu. Mwenye ng'ombe, dada wa umri wangu, alipiga kigelegele mpaka ng'ombe akaruka, na mkono wangu bado uko ndani. Bega mpaka sasa linauma. Akataka nimwambie ni jike au dume. Mkono hauoni hilo, dada. Mbegu zilizochujwa ili zizae majike zipo duniani, bei yake haina utani. Hizi zangu za kawaida ni Mungu na nusu kwa nusu.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama nilipofika Pongwe kwa ng'ombe wa yule mama wa asubuhi, aliyetulia. Hapa niliona raha kidogo, basi niruhusu nisimulie.

Ute unaning'inia mwangavu, unavutika kama ute wa yai. Safi. Maji ya vuguvugu nabeba kwenye chupa ya chai. Nikapima, nyuzi 36. Nikachomoa mrija upesi, nikautumbukiza, nikahesabu sekunde arobaini. Nikaufuta mpaka ukakauka kabisa, tone moja la maji linaua mbegu. Bunduki ya kuhimilishia, kile chuma chembamba cha kusukumia mbegu, nilikuwa nimeificha kifuani ndani ya koti ipate joto. Mkono wa kushoto ukaingia kwa nyuma, ukaikamata shingo ya kizazi kupitia ukuta wa utumbo. Wa kulia ukaleta bunduki kwa njia ya uzazi. Shingo ina pete ndani, tatu au nne. Huzilazimishi. Unaichezesha shingo yenyewe juu ya ncha mpaka pete inakubali, moja, ya pili, ya tatu, halafu ghafla hakuna kizuizi. Hapohapo, usisogee mbele hata kidogo. Sukuma taratibu. Jersey, namba nimeandika, tarehe nimeandika. Mama akahesabu kwa vidole miezi tisa mbele, akakuta inaangukia wakati wa majani. Akanipa lita ya maziwa.

Nyumbani giza. Nikaoga mara mbili. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka, bega limefungwa kanga yenye maji ya moto, simu ikaita. Mzee wa Amboni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimempata mnunuzi, mwenye bucha. Sasa kuna karatasi ya kibali hapa, imeniuliza jinsia. Dume au jike. Niandike nini?"

"Andika jike, mzee."

Kimya kirefu. Nasikia mkewe nyuma anaambiwa nimesema nini.

"Sasa mchana kutwa ulikuwa unanibishia nini?"